Diski Shingoni, Mama Mkwe Langoni

Afadhali nisimulie mwenyewe, maana mke wangu akianza kusimulia mtacheka kabla hajafika katikati, na yeye huongeza chumvi (ingawa kusema kweli kisa hiki kina chumvi yake ya kutosha). Mama mkwe wangu amewahi kunikuta kifua wazi, nimevaa kaptula kuukuu, na shingoni nimening'iniza kibao kilichoandikwa MIMI NI PUNDA, mbele ya akina mama wote wa mtaa wetu wa Amalemba waliokuwa mferejini kuteka maji. Na sisi Waluhya, kama hujui, mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Sasa pima mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kanisa letu lilikuwa limetuteua mimi na Jescah, mke wangu, twende Guinea ya Ikweta tukaeneze injili kwa miaka miwili. Hiyo ni nchi ya Afrika kama yetu, ila watu wake wanazungumza Kihispania, kwa hivyo tuliambiwa tuanze kujifunza lugha hapa hapa Kakamega kabla ya kusafiri. Mwalimu alipatikana, mama mmoja mmishonari kutoka Peru, jina lake Mama Konswelo, aliyekaa na mumewe upande wa Sigalagala, mtu mpole sana, mwenye kucheka kwa urahisi. Tulikuwa tukienda kwake mara mbili kwa wiki, tunakunywa chai, tunaambiwa kijiko kinaitwaje, tunarudi nyumbani tumeshasahau.

Jambo moja tu lilikuwa limebaki. Kamati ya kanisa ilitaka wazazi wa pande zote mbili waikubali safari kwa vinywa vyao. Wangu walishakubali. Kwa akina Jescah baba alikuwa ameshafariki, amebaki mama yake, Mama Rasoa, mkulima wa mahindi kule Mautuma, na yeye alikuwa hajakubali wala hajakataa. Alisema atakuja Kakamega Jumamosi, amwangalie mtoto wake usoni, kisha ataiambia kamati neno lake. Akisema la, safari imekufa. Na mimi nilikuwa naitaka safari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo. Mama Konswelo alitupa zoezi, akasema kila jioni, kwa saa moja tu, tuongee Kihispania peke yake nyumbani, na mtu akikosa neno aonyeshe kwa kidole au acheke, basi. Saa moja. Lakini mimi kabla ya kuingia kazi ya kanisa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka kumi na minne, na mwalimu ana kichwa kigumu, nikamwambia Jescah saa moja ni mchezo wa watoto, sisi tutafanya wiki nzima, usiku na mchana, ndani ya nyumba na nje ya nyumba, na si Kiswahili, si Kiluhya, si Kiingereza. Halafu nikaenda chini ya kitanda nikatoa diski.

Waliosoma shule zetu wanaijua diski. Ni kibao kidogo chenye kamba, ambacho mtoto akishikwa akiongea lugha ya nyumbani anavishwa shingoni, anazunguka nacho mpaka amnase mwenzake naye akikosea. Yangu niliitengeneza mwenyewe na maneno yake nikayachoma kwa msumari wa moto, na nilipoacha ualimu nilitoka nayo, hata leo sijui kwa nini. Jescah aliiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Zablon, hiyo kitu utaniwekea mimi?" Nikamwambia atakayekosea ndiye atakayevaa, sheria haina mke. Na kwa kuwa alikuwa amesema hayo kwa Kiswahili nikamvisha papo hapo. Nilijiona mtu wa maana sana.

Jescah ni mtu wa kuongea. Asubuhi kabla sijafungua macho ameshaniambia ndoto yake, bei ya sukuma na aliyejifungua. Siku ya kwanza nyumba ilinyamaza kama tumefiwa. Sisi wawili tukichanga tulikuwa na maneno kama sitini hivi, na mengi yalikuwa ya vyombo. Tuliombana chumvi kwa adabu kubwa. Siku ya pili nilikuwa nimeweka pasi ya makaa juu ya shati langu la Jumapili, nikageuka kutafuta kitabu, Jescah akaona moshi, akaanza kuruka akinyooshea kidole, nami nikamwambia kwa sauti ya darasani, "En español!", yaani kwa Kihispania. Yeye hakulijua neno la kuungua. Shati likaungua mpaka pasi ikaonana na meza. Nilihuzunika kidogo, lakini moyoni nikasema, angalau sheria haijavunjwa.

Kitu nilichosahau ni kwamba tunaishi na watu. Jirani yetu wa karibu, Mama Truphena, aliyezoea kupiga gumzo na Jescah mferejini kila asubuhi, alimwona mwenzake siku tatu mfululizo anakuja na ndoo, ana kitu kimening'inia shingoni ndani ya leso, akisalimiwa anatikisa kichwa tu, anateka maji, anaondoka. Kulikuwa na njia gani ya kuelewa hayo? Mmoja alisema nimempiga mpaka ulimi umekufa. Mwingine akasema nimemfunga hirizi asikatae safari. Mama Truphena hakutaka maneno mengi, alimtafuta mfanyabiashara wa mahindi anayekwenda Mautuma, akampa ujumbe amfikishie Mama Rasoa: mtoto wako haongei, na amefungwa mbao shingoni.

Jibu lilirudi Jumatano kwa mfanyabiashara yule yule. Mama haji Jumamosi tena, anakuja kesho. Jescah alipewa habari hiyo mferejini, akaja mbio hadi mezani nilipokuwa, akasimama mbele yangu akasema, "Madre! Madre aquí! Madre!", yaani mama, mama hapa. Nami (Mungu anisamehe) nikadhani anarudia msamiati wa familia, nikainua kidole gumba, nikamwambia, "Muy bien," yaani vizuri sana, nikamwonyesha hata jinsi ya kuitamka vizuri zaidi. Kisha akaenda zake jikoni. Baadaye nilipomuuliza mbona hakuniambia kwa lugha ya kueleweka, alinijibu, "Nilikwambia kwa Kihispania. Si ndiyo ulitaka?"

Alhamisi mchana nilikuwa nyuma ya nyumba nikipasua kuni, jua kali, nimevua shati, nimebaki na kaptula niliyokuwa nikichezea mpira enzi za chuo. Shoka likaniponyoka likagonga kidole cha mguu, nikapiga ukelele, "Ayi mama!" na Jescah akatoka jikoni kabla mwangwi haujaisha, akaivua diski shingoni mwake, akanivisha mimi, tena akanikazia kamba na fundo. Ndiyo mara ya kwanza wiki ile nilimwona akitabasamu. Nikachechemea kuzunguka nyumba niende mferejini nioshe kidole.

Na pale langoni alikuwa amesimama Mama Rasoa.

Alikuja na mwanawe Wycliffe, shemeji yangu, na nyuma yao Mama Truphena, na nyuma ya Mama Truphena wote waliokuwa na ndoo na wengine wasiokuwa na ndoo. Mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani, ameshika kikapu chenye kuku. Akaniona. Macho yake yalitua kwenye kifua, yakashuka kwenye kaptula, yakapanda tena kwenye kibao, kisha akageuza uso haraka kama inavyompasa, na mimi nikatafuta pa kwenda. Mlango ulikuwa upande wake. Mbele yangu kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba shuka lililofuliwa asubuhi, likiwa bado linadondoka maji. Nikajitupa nyuma ya shuka.

Hapo bado ningeweza kujiokoa. Ningesema tu, karibu mama, ngoja nivae. Lakini kichwa kilikuwa kimeshika Kihispania wiki ile nzima, na hofu ilipokibana kikatoa kilichokuwa karibu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka nyuma ya shuka, kubwa, ikimwamkia kwa heshima zote: "Buenas tardes, señora!"

Halafu Mama Truphena akasema, "Mmesikia? Si niliwaambia? Hiyo ni mapepo."

Mama mkwe hawezi kunyoosha maneno kwa mkwe wake hivi hivi, kwa hivyo aliongea na Wycliffe, na Wycliffe akaongea na shuka, ingawa kutoka kwa mama mpaka kwangu haikufika hatua nne na kila neno nalisikia.

"Muulize amefanyia mtoto wangu nini."

"Mwarimu, mama anauliza umefanyia Jescah nini."

"Tunajifunza lugha," nikasema, kwa Kiswahili sasa, na maji ya shuka yakinishuka mgongoni. "Ni zoezi tu."

"Mwambie simuulizi yeye kama ni zoezi. Jescah, kuja hapa. Ongea na mimi."

Nilichungulia kando ya shuka. Jescah alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mama yake amemshika mkono, midomo imefunguka, na hakusema kitu. Aliangalia kwanza upande wangu. Aliangalia kama anayengoja kuruhusiwa. Nimewaona watoto wengi wakiangalia hivyo, darasa la tatu, darasa la nne, mtoto amebanwa na haja anaogopa kuomba ruhusa kwa sababu hajui namna ya kuomba kwa Kiingereza, na mimi miaka yote hiyo nilidhani ni adabu. Nilijisikia mchafu, na si kwa sababu ya kaptula.

Mama Rasoa naye aliuona mtazamo ule. Hakupaza sauti.

"Mwambie hivi," alisema. "Mimi nilizaa wasichana watatu, na huyu ndiye alikuwa anaongeanga. Tukienda shamba na yeye, jembe haikuwanga nzito. Baba yake alipokufa, ni mdomo ya huyu ilinitoa kwa kitanda. Nilimpatia akiwa anaongea. Sasa nimemshika mkono hivi na sisikii kitu. Na ndiyo anataka kumpeleka mahali hata nikiita, siwezi sikia."

Wycliffe akageukia shuka. "Umesikia, Mwarimu," akasema.

"Jescah," nikasema, "ongea, tafadhali. Ongea vile unataka."

Basi akaongea. Kwa Kiluhya, kwa Kiswahili, hata Kihispania kidogo alichanganya, alianzia kwenye diski, akaja kwenye pasi, akalitoa shati na kuwaonyesha watu tundu lake, akaja kwenye "muy bien" yangu, na alipofika hapo Mama Truphena alikuwa ameketi juu ya ndoo akifuta machozi ya kicheko, na mimi nyuma ya shuka nimesimama kwa mguu mmoja, kidole kinatoka damu, sina hata wa kunirushia shati. Hakuna aliyeondoka. Wengine waliosikia kicheko walikuja wakaomba aanze upya, akaanza upya.

Mama Rasoa peke yake hakucheka. Aliingia ndani na binti yake, akafunga nguo chache za Jescah kwenye leso, wakaondoka wote watatu kwenda Mautuma. Kuku alimwacha kwa Mama Truphena. Jumamosi nilisimama peke yangu mbele ya kamati, nikaeleza kwa nini mama hajaja (habari walikuwa nazo, nilivyoona wakiangalia chini), wakaandika kwamba safari imesimama.

Nilikaa wiki mbili katika nyumba isiyo na mtu wa kuniambia ndoto. Kibao nilikipasua nikachemshia chai. Kisha nikavaa suti, nikatafuta mjomba wangu mwenye maneno mazuri, tukaenda Mautuma. Tuliketi upande wetu, yeye upande wake, mjomba akaomba msamaha kwa niaba yangu, mimi nikaomba tena kwa kinywa changu, nikasema sitanyamazisha mtu tena, si mke, si mtoto, si mwanafunzi, na nilimaanisha. Mama aliendelea kupukuchua mahindi. Mwishowe akamwambia mjomba kwamba wanaweza kwenda, lakini kila mwezi anataka kaseti, Jescah akiongea, pande zote mbili zijae, na isiwe na lugha ya wageni ndani.

Tulienda. Kihispania tulikijua huko sokoni, Jescah miezi minne mbele yangu, kwa sababu yeye hakuogopa kukosea. Kaseti zilikuwa zikiondoka na watu wa kanisa waliokuwa wakirudi nyumbani, na ile ya kwanza nadhani mnajua ilikuwa na kisa gani. Nasikia Mautuma yote waliisikiliza.

Baada ya miezi mitatu ikaja kaseti kutoka kwa mama. Tulikaa jikoni tukaisikiliza, kuku wakilia nyuma ya sauti yake, habari za mbolea, ng'ombe aliyezaa, Wycliffe na miguu yake inayomuuma. Karibu na mwisho akakohoa. "Sasa mkwe," akasema. Miaka tisa ya ndoa, alikuwa hajawahi kuniambia neno bila kulipitisha kwa mtu. "Mkwe, nimesikiza hizi kaseti mara nyingi, wewe sikusikii. Kwani uko? Ongea na wewe."

Jescah aliweka kaseti mpya, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, akanisogezea redio. Mimi niliyefundisha miaka kumi na minne niliangalia mkanda ukizunguka. Nikasema, "Mama, niko," na maneno yakaniishia hapo, na Jescah akangoja, akangoja, mpaka akachoka, akaivuta redio upande wake akaendelea yeye.