Moshi wa Udi na Nyuzi Kumi na Nane

Sista Serah, muuguzi wa kukagua nyumba za wagonjwa, aliingia kwenye ile fleti ya Lewisham, London, Ijumaa saa sita mchana akiwa amekwisha kata shauri kwamba mgonjwa hatarudishwa humo. Jumatatu alipokuja kukagua, hita ilikuwa imewaka tangu alfajiri, na bado kipimajoto alichokitundika na kukiacha chumbani kilisoma nyuzi kumi na nne. Mgonjwa mwenyewe, mamake Faridah, alikuwa wodini na mapafu yasiyotaka mzaha. Sharti la hospitali lilikuwa moja: chumba kifike nyuzi kumi na nane na kikae hapo, la sivyo bibi apelekwe makao ya wazee. Na Faridah, mzaliwa wa Mombasa anayelea wazee wa watu kwa mshahara mdogo, akitia pesa kwenye mita ya gesi Jumapili, Alhamisi zimekwisha. Serah hakuona pa kutokea.

"Karibu, Sista. Vua koti."

"Sikai sana, dada. Ni hii form tu."

Aligusa bomba la joto ukutani. Lilikuwa baridi kabisa, na moyo ukamshuka. Akaanza hotuba aliyoiandaa kwenye basi, ya mashirika yanayosaidia watu kulipia joto la winter.

"Niandikie, sikatai," Faridah alimkatiza. "Lakini barua zao zitafika jua lishatoka. Kwanza soma kipimo chako."

Serah akakisoma. Akakigonga kwa ukucha, akakisoma tena. Kumi na tisa.

"Heater umezima saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Nayo iliwaka masaa mawili tu. Pesa za Jumapili bado zimo kwenye mita."

Basi Faridah akamweleza. Jumatatu ile ile, Serah alipotoka tu, alitia udi kwenye chetezo akapiga magoti, akaufuata moshi ukuta kwa ukuta. Moshi ukipanda wima, anapita. Ukiinama, hapo pana upenyo. Nyuma ya kabati alikuta ufa wa kuingia kiganja. Jiko la zamani la ukutani, lenye dohani ya kutokea paani na ambalo halijawashwa miaka na miaka, lilikuwa likiunyonya moshi wote na joto pamoja nao. Siku tatu hizo, kila akitoka kazini, alikuwa akiziba: mto mzima ndani ya jiko, leso kuukuu zilizoshonwa na kujazwa matambara chini ya milango, blanketi nyuma ya pazia.

Serah alipita akipapasa mishono ile, midogo, ya karibu karibu, na kicho kikamwingia. Miaka kumi na mbili anakagua nyumba za watu na fomu yake, na hakuwahi kuona upepo ukisakwa hivi.

"Na huo moshi, na mapafu ya mama?"

"Nilifungua madirisha Jumanne kutwa. Akirudi, chetezo nakipa watu. Naye udi ndio roho yake."

Serah akatia sahihi. Bibi arudi nyumbani. Kisha, badala ya kuondoka, akavua koti akaketi.

"Dada, nikwambie ukweli? Kwangu Kingsbury tuko na mishahara miwili, na watoto wanalala na majacket. Kesho si uko off? Kuja na hiyo udi yako."

"Kesho namwendea mamangu wodini," Faridah alisema. "Kwako nitakuja Jumapili."