Shemasi wa Paris na Sufuria ya Edmonton

Waingereza wanaamini kwamba wao ndio waliovumbua maiti. Washa televisheni jioni yoyote hapa London utaona: kijiji kizuri, maua, kasisi, na mtu amelala kifudifudi kwenye zulia. Sibishani nao. Nimeishi kwao miaka mingi, wamenipa pensheni ndogo na goti bovu, na sina nguvu za kugombania maiti. Lakini mimi nilisoma sekondari kwa mapadri, kule mashariki ya Kongo, na najua kwamba Wafaransa walianza zamani sana kuuana kwenye magazeti.

Kwenye magazeti, ndiyo. Riwaya zao za mwanzo za upelelezi zilitoka kipande kipande, chini ya ukurasa, na waandishi walilipwa kwa mstari. Ndiyo maana watu wa humo hawaongei kama watu. Mmoja anasema, "Wewe!" Mwingine anajibu, "Mimi!" Wa kwanza anauliza, "Hapa?" Tayari mwandishi ameshapata chakula cha mchana. Wapelelezi wenyewe, wengine wametoka jela juzi tu, na wanamjua mwizi kwa sababu walilala naye chumba kimoja. Halafu katikati ya kitabu, muuaji anapokaribia kukamatwa, hadithi inasimama na kurudi nyuma kwa babu yake, mapenzi ya siri ya mama yake, na mtoto aliyebadilishwa akiwa mchanga. Sura nzima nzima zinapita huku maiti ikisubiri. Navipenda vitabu hivyo kuliko inavyomfaa mtu anayekaribia kuonana na Mungu.

Nilipata boksi zima la riwaya hizo katika duka la vitu vya msaada hapa mtaani kwetu Edmonton. Yule mama wa dukani alifurahi kuziona zikiondoka.

Kanisa letu linakodi ukumbi, na Jumamosi akina mama hupika chakula cha Jumapili. Baada ya kustaafu usafi wa maofisi, nilianza kwenda kuwabebea magunia ya vitunguu. Kubeba kulinishinda. Nikapewa kumenya ndizi, nikajikata. Basi mama mkubwa wa jiko, mwanamke ambaye hata mchungaji humwomba ruhusa kabla ya kufungua jokofu, akaniambia, "Papa, kaa pale karibu na hita utupigie hadithi. Usiguse kitu." Nikaanza kuwasimulia riwaya moja ya Kifaransa, sura moja kila Jumamosi, naigeuza Kiswahili papo hapo.

Kusimulia kuna kazi yake. Ukiwaambia akina mama wa Bukavu na Uvira habari za msimamizi wa kasri anayeshukiwa kumuua bwana wake, wanakutazama tu. Msimamizi ni nani? Nikafikiri: ni mtu anayeaminiwa, anayeshika funguo za nyumba, anayejua kila kitu kiko wapi. Nikamwita shemasi. Mara wakamwona. Walivyomwona vizuri, nikanogewa. Nikampa tabia ya kujikohoza kabla ya kusema jambo lolote, kama injini ya lori asubuhi ya baridi. Jiko zima lilicheka mpaka mtu akaangusha mwiko.

Sasa, kanisani kwetu yuko mzee mmoja anayejikohoza hivyohivyo. Ni shemasi, na ndiye anayeshika funguo za stoo. Alikuwa pia rafiki yangu wa siku nyingi. Tulikuja nchi hii karibu pamoja, tukalala hosteli moja, tukafagia jengo moja. Kikohozi kile nilikiiba kwake kwa sababu kilikuwa karibu.

Hilo peke yake lingepita. Lakini wiki zilezile, sufuria kubwa ya kanisa, ile ya kupikia sombe, majani ya muhogo, ya arusi na misiba, ilipotea stoo.

Ninachopaswa kueleza hapa ni kwamba sisi hatumwambii mtu usoni kwamba ameiba. Ni aibu kwa anayesema kuliko kwa mwizi. Ukoo unakaa, mzee mmoja anaanza, "Palikuwa na kuku mmoja mwenye tamaa," na kila aliyepo, pamoja na kuku mwenyewe, anaelewa. Nimekaa katika vikao hivyo tangu utoto. Kuku wa aina hiyo nimemtumia mwenyewe. Lakini Jumamosi zile akili yangu ilikuwa Paris, ndani ya riwaya, na niliwasahau kuku wote.

"Papa," akauliza mmoja aliyekuwa anachambua maharage, "huyo shemasi wa hadithi, ufunguo alikuwa nao yeye peke yake?"

"Yeye peke yake."

"Eeeh."

"Na usiku huo mlango haukuvunjwa?"

"Haukuvunjwa. Ulifunguliwa vizuri kwa ufunguo."

"Eeeh," wakasema wote, na visu vikasimama. Nikadhani ni ufundi wangu.

Baadaye mama wa jiko alinifuata kwenye sinki. Akafungua bomba ili wengine wasisikie. "Papa, nambie mimi tu. Unamsema shemasi wetu?"

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kusingizia. Nilielewa swali lake. Nilielewa mara moja. Ningesema "Hapana, mama, ni kitabu tu," mambo yangeishia hapo. Lakini katika vitabu vile mpelelezi hajibu kamwe akiulizwa. Anatabasamu, anavaa kofia. Na hakuna aliyenisikiliza kwa hamu namna ile tangu mke wangu alipofariki. Nikatabasamu. Nikavaa kofia yangu ya sufu. "Subirini Jumamosi," nikasema.

Jumapili rafiki yangu alisimama kusoma matangazo. Akajikohoza. Kicheko kikapita kwenye viti vya akina mama, wakakifunika kwa vitambaa vya kichwa. Akatazama suruali yake, maskini, kama imefunguka. Akajikohoza tena. Ikawa mbaya zaidi. Kabla ya ibada kwisha mtu alikuwa ameshamnong'oneza, na Jumapili iliyofuata hakuja, akatuma funguo zirudishwe jikoni.

Sufuria ikarudi yenyewe. Ndugu wa kanisa la Woolwich waliileta ndani ya gari, imesuguliwa inang'aa. Mchungaji alikuwa amewaazima kwa ajili ya msiba, akasahau. Alitangaza hivyo mbele ya watu, akicheka. Watu nao wakacheka, na nje ya mlango wakasema mchungaji anamfunika shemasi wake.

Nikapanda kwa rafiki yangu, lifti mbovu kama kawaida. Alinifungulia mwenyewe.

"Ah," akasema. "Polisi."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Hapana, umekuja kupekua. Ingia upekue."

"Sufuria imerudi, ndugu yangu."

"Hujasikia?" mke wake akadakia kutoka kwenye kochi. "Sasa wanasema zilikuwa mbili."

Nikacheka. Wao hawakucheka. Rafiki yangu alinyoosha kidole chini ya kitanda, na niliona kwamba anamaanisha. Nikapiga magoti, lile bovu likalia. Chini ya kitanda kulikuwa na masanduku na viatu vya wajukuu. Akanipeleka kwenye oveni. Akanifungulia mashine ya kufulia, nikaingiza kichwa. "Tazama vizuri," akasema. "Wewe si umesoma?"

"Mwache, baba," mke wake akasema. "Atakufa humo, halafu utaitwa muuaji kweli."

Nilipotoka mle na nywele zimelowa, alikuwa amekaa, uso umemshuka. "Nimeshika funguo za watu maisha yangu yote," akasema. "Za maofisi, za mabenki. Hakuna aliyenicheka. Nenda ukawaambie ulichokiona."

Jumamosi nikasimama jikoni bila kitabu. Nikasema wazi, kwa sauti, jambo ambalo kwetu halisemwi wazi: "Shemasi wetu hakuiba sufuria. Hajaiba kitu. Mimi nilimtia katika hadithi kwa upuuzi wangu."

Yule wa maharage akamgeukia mwenzake. "Kumbe siyo shemasi! Sasa muuaji ni nani?"

"Ni mchungaji," mwingine akajibu. "Si ameeleza? Ndiye aliyeiazima."

"Jamani, nasema habari za kweli!"

"Tunakuelewa, Papa," mama wa jiko akasema kwa upole, na akanikonyeza.

Nilikaa chini nikakata tamaa. Kumbe maneno ya wazi hayana mahali pa kukaa katika vichwa vyetu. Tunayageuzageuza kutafuta aliyefichwa ndani. Ikanibidi nirudi Paris. Nikawasimulia sura ya mwisho, ambayo haimo kitabuni. Hakimu mchunguzi anawakusanya watu wote jikoni. Anamwachilia shemasi, anamsimamisha katikati, anamwomba radhi kwa kumpigia magoti. Halafu anamgeukia mzee mmoja mvivu aliyekaa siku zote karibu na moto, asiyejua kumenya hata ndizi, aliyekuwa akiwapa watu maneno matamu huku akimmaliza mwenzake kidogo kidogo, kila wiki sehemu. "Wewe!" anasema hakimu. "Mimi," anajibu mzee.

Safari hii hakuna aliyeuliza swali. Walielewa mpaka mwisho; niliona kwa jinsi walivyorudi kwenye vitunguu bila kunitazama. Ni mama wa jiko tu aliyesema, akiwa amenipa mgongo: "Huyo mzee ni mbaya sana, Papa."

"Mbaya sana," nikakubali.

Jumapili mbili baadaye rafiki yangu alirudi. Mama wa jiko mwenyewe alimkabidhi funguo mlangoni, mbele ya watu, kwa mikono miwili. Aliposimama kusoma matangazo alijikohoza kwa muda mrefu sana, nadhani makusudi, na ukumbi mzima ukamngoja kama unasikiliza neno la Mungu.

Baada ya ibada nilimfuata. Kwa miaka yote ile alikuwa ananiita "weye," au "mwizi wa blanketi" kwa sababu ya hosteli ile ya baridi. Akanipa mkono vizuri, kama anavyowapa wageni kutoka makanisa mengine.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Karibu sana kwetu."

Na ananizidi umri.