Nilichora ramani ya mafuriko Kajaga kwa R, nyumba ya mama mudogo ikatoka nyeupe

Wakuu, salaam kwenu wote, wa bara, wa pwani, na sisi wa huku ziwani.

Mi humu ni msomaji tu. Miaka nasoma nyuzi za watu, nacheka, napita kimya. Leo nimeamua kuandika. Sitaongeza chumvi, na palipo na aibu yangu sitapafunika. Kiswahili changu ni cha Bujumbura, mkikuta kimepinda mnivumilie.

Naitwa Issa. Kazi yangu ni takwimu, na natumia R. Kwa wasioijua, ni programu ya kompyuta: unaiandikia amri, inachambua data na kukuchorea michoro. Wanaoijua watanielewa haraka, na pengine watanitukana haraka pia. Sawa tu, nimestahili.

Mnajua ziwa Tanganyika limepanda miaka hii. Kule Kajaga, ufukweni, maji yalianza kwa kula bustani, yakaja ukuta, mwisho yakaingia vyumbani. Chama kidogo cha wakaaji kikaniomba niwachoree ramani. Walitaka waone nyumba zipi maji yanafika kila msimu, na zipi yanaweza kufika mvua ikizidi.

Ramani ingetundikwa mbele ya ofisi ya chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa. Kila familia ingekuja kuangalia ilipo, halafu iamue: kujiandikisha kwenye orodha ya kuhamia kilimani, au kubaki.

Waliniita mi kwa sababu mama mudogo wangu, Mama Mwajuma, anaishi pale pale. Ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye aliyenilea tangu niko darasa la tatu. Mume wake, Mzee Ramadhani, alikuwa fundi magari Buyenzi. Kiharusi kilimpiga upande mmoja akawa mtu wa kulala, kulishwa na kugeuzwa. Kwa hiyo hii haikuwa ramani ya watu baki.

Nikaifanya kwa moyo. Wiki mbili natembea na simu nachukua vipimo vya GPS, nyumba kwa nyumba, jua kali, mbwa wananifukuza. Nikirudi kwangu Gihosha nachora.

Maji ya kila msimu nikayapaka buluu nzito, na mstari mweusi pembeni. Sehemu ya hatari, ile ambayo maji yanaweza kufika, nikaipaka buluu nyepesi sana, ili nyumba na njia zilizo chini yake zionekane. Amri yenyewe ni hii:

polygon(x, y, col = rgb(0, 0, 1, 0.25), border = NA)

Ile 0.25 mwishoni ndiyo wepesi wa rangi. Ukiweka 1 inafunika kila kitu, ukiweka 0 rangi haipo. Na border = NA maana yake ni kwamba umbo lisiwe na mstari wa pembeni.

Mwanzoni mstari ulikuwepo, wakuu. Niliutoa mwenyewe. Niliona unachafua mchoro, nikataka rangi itulie vizuri juu ya ramani. Urembo tu, hakuna mtu aliyeniomba.

Kwenye screen ikatoka safi. Mke wangu Shamimu alipita na chai, akatazama, akasema hata yeye asiyejua kompyuta anaelewa maji yako wapi. Kichwa kikanivimba.

Ijumaa nikashuka mtaa wa Asiatique kwenye duka la kuchapisha kwenye bâche, yale maturubai makubwa ya matangazo. Fundi akasema mashine yake ni ya zamani, inataka faili la EPS, mengine haiyasomi vizuri. Nikafungua laptop pale pale juu ya meza yake, nikabadilisha mstari mmoja, nikaweka postscript(), amri ya kutoa EPS, nikaendesha script yote, yaani amri zangu zote.

R ikatoa warning: semi-transparency is not supported on this device. Yaani kifaa hiki, ndivyo R inavyoita aina ya faili, hakipokei rangi nyepesi za namna ile.

Niliiona. Siwezi kusema sikuiona. Ila R inapenda kulalamika, siku nzima warning, ukisikiliza zote hufanyi kazi. Na swala ya Ijumaa ilikuwa imekaribia. Nikampa fundi flash, nikakimbia msikitini. Sikungoja turubai litoke.

Sasa wasiojua wasikilize hapa, maana uzi wote uko hapa. Ukitumia rangi nyepesi kwenye kifaa kisichoipokea, R haikubadilishii ikawa nzito. Inaiacha. Umbo lote halichorwi. Na mi nilikuwa nimeshatoa mstari wa pembeni, kwa hiyo hakikubaki hata kijistari cha kuonyesha kwamba pale palikuwa na kitu.

Buluu nzito ikachapwa. Buluu nyepesi ikapotea. Nyumba kumi na mbili za sehemu ya hatari zikatoka juu ya turubai jeupe, safi kabisa.

Na maelezo ya rangi hatukuyaandika kwenye ramani. Wazee wengi pale hawasomi, tulikubaliana chef wa quartier atayasema kwa mdomo, ila mi sikumweleza kwamba buluu ni mbili. Jumamosi akatundika turubai, akaona buluu moja tu, akawaambia watu alichokiona: palipo buluu maji yanakuja, palipo peupe mko salama. Simlaumu. Mtu mzima amesema ramani ilivyo.

Jumamosi hiyo jioni mama mudogo akanipigia. Alikuwa na furaha mpaka sauti inatetemeka. Akaniambia ameweka kidole kwenye nyumba yake kwenye turubai, iko peupe. Akasema alikuwa halali kwa kuwaza atamhamishaje Mzee, mtu wa kubebwa, mpaka huko kilimani kusiko na maji ya bomba. Akaniombea dua ndefu.

Halafu akaniambia ametoa jina lake kwenye orodha. Kiwanja alichopangiwa kule kilimani amemwachia jirani mwenye watoto wadogo, kwa sababu yeye yuko salama, na si vizuri mtu kung'ang'ania asichohitaji.

Nikashtuka kidogo. Nyumba yake naijua, iko katikati ya buluu nyepesi. Nikajituliza, nikasema labda macho yake ya uzee hayakuona rangi.

Jumanne nikaenda. Nikasimama mbele ya turubai. Peupe. Avenue nzima peupe.

Wakuu, dawa ilikuwa hapo hapo. Nilitakiwa niseme neno moja tu: jamani, nimekosea. Lakini chef wa quartier alikuwa amesimama pembeni yangu, anawaambia watu huyu ndiye mtoto wetu aliyesoma, tazameni kazi yake. Watu wananipa mikono. Nikapokea mikono.

Nikasema moyoni, ni kiangazi, ziwa limetulia, wiki hii nitachapisha lingine nilibadilishe kimya kimya. Nyumbani nikarekebisha script kwa dakika tano. Halafu leo nina ripoti, kesho fundi hayupo, keshokutwa mafuta hakuna mjini. Orodha ikafungwa. Na mi nikajiambia sasa nikisema itasaidia nini, nitawatia watu hofu bure. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilikuwa naisikia tangu utoto, na haikunisaidia kitu.

Mvua zikaanza. Siku ya tatu mfululizo, asubuhi, simu ya mama mudogo. Hakulia. Alisema tu maji yamefika kitandani kwa Mzee, nije.

Nilifika maji yako kiunoni. Wanaume wanne tulimlaza Mzee juu ya mlango tulioung'oa, tukambeba. Mara mbili mlango uliinama, maji yakampita kifuani. Mama mudogo alikuwa nyuma yetu, ameshika ndoo yenye Kurani na dawa zake mzee juu ya kichwa. Majirani wa zile nyumba nyingine walitoka hai, alhamdulillah, ila wengine walitoka na nguo za mwilini tu.

Nikawaleta Gihosha kwangu. Mzee akaanza kukohoa, kikohozi kikashuka kifuani. Siku ya kumi na moja alifariki, mkono wake mzima umeshika wangu. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mi kifo kiliniumbua na mwili ulikuwa wa mtu mwingine.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa chef na kwa wale wa chama, nikasema kila kitu. Turubai likashushwa. Wengine walinisemesha maneno makali, nikayapokea. Aliyebaki kuambiwa ni mmoja tu, na alikuwa ndani ya nyumba yangu.

Maana mama mudogo alikuwa amekaa eda. Kwa ndugu wasio Waislamu, mwanamke akifiwa na mume anakaa miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi. Na inatakiwa akae kwenye nyumba ya mumewe. Nyumba ya mumewe ilikuwa na samaki ndani. Sheikh akasema akae palipo salama, basi akakaa kwangu, chumba cha binti yangu Nasra.

Kila siku namwamkia. Kila baada ya swala namsikia nyuma ya mlango anaomba: Yarabi mlinde Issa, aliyenisitiri.  Nilikonda mpaka kazini wakauliza.

Mwezi wa pili nikashindwa. Baada ya alasiri nikagonga, nikaingia na laptop, nikakaa chini kwenye mkeka wake. Nikamwonyesha ramani ya kwenye screen, nyumba yake ndani ya buluu nyepesi. Halafu nikamwonyesha picha ya turubai. Nikaeleza yote, warning, mstari wa pembeni, swala, mikono niliyopokea.

Akaziangalia zote mbili. Akapitisha kidole kwenye screen, pale nyumba ilipo. Halafu akauliza jambo moja.

"Ulijua siku gani?"

"Jumanne, mama. Ile iliyofuata simu yako."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kutoka Jumanne ile mpaka asubuhi ya maji. Wiki saba. Vidole vya mkono mmoja havikutosha, akachukua wa pili.

"Ya ramani nimekusamehe, Issa. Mutu anakosea. Ya kunyamaza, uniache kwanza."

Nikatoka. Nikamwambia Shamimu, nikitegemea atanipa pole. Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Akaniambia: "Baba Nasra, umeenda kutua muzigo wako kwa mutu asiyeweza kusimama akaondoka."

Hilo sikuliwaza hata kidogo. Alikuwa bado na zaidi ya miezi miwili ya eda. Angekasirika aende wapi? Ilibidi ale chakula changu na kuitikia salaam yangu kila asubuhi, kwa sababu dini imemweka ndani na mi nimempotezea pa kukaa. Nilinyamaza wakati wa kusema, halafu nikasema wakati ambao yeye ndiye alitakiwa kuachwa apumzike. Nilijiona mjinga, na nililia.

Aliitikia salaam. Alikula kidogo. Dua alikuwa anaomba, ila jina langu sikulisikia tena.

Siku eda ilipoisha alioga, akavaa nguo ya rangi, akamkumbatia Shamimu kwa muda mrefu, akambusu Nasra. Binti yake wa kumzaa alikuja kumchukua, akampeleka Buyenzi anakokaa hadi leo. Mi akanipa mkono, akasema kwaheri Issa. Ni mwezi wa tano sasa tangu aondoke. Nikienda ananipokea, ananipa chai, anaongea na watoto. Nikimpigia anampa binti yake simu.

Sasa nilichojifunza, kwa wenzangu wa R kwanza.

Warning isome, hata kama ni ya mia. Usitegemee wepesi wa rangi peke yake kusema jambo la maisha ya watu: acha mstari wa pembeni, au paka kwa mistari ya mshazari, hiyo inatoka hata kwenye mashine ya babu yako:

polygon(x, y, density = 15, angle = 45, border = "black", lty = 2)

Ukitaka wepesi lazima, tumia pdf(), inaupokea. Na fungua faili lenyewe ulilotengeneza, usiridhike na screen. Kisha nenda kasimame mbele ya karatasi iliyochapwa kabla mtu hajaweka kidole juu yake.

Kwa wote: mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado wanawapa mikono. Inauma, najua. Mi niliona inauma sana nikaiahirisha, na aliyelipa ni mzee asiyeweza hata kugeuka kitandani.

Mnaruhusiwa kunisema, sitajibu kwa hasira. Ila nina swali, na ndilo hasa limenifanya nifungue uzi. Kuna yeyote humu aliyewahi kuambiwa na mama yake "uniache kwanza"? Ulingoja muda gani mpaka akakuita? Niambieni ukweli, hata wewe ambaye hukuitwa.