Barabara Niliyopita Nimelala

Asubuhi tuliyohama Musoma, mwenye bodaboda mmoja wa Makoko alitufuata polepole mpaka karibu na Bweri, akiamini tutachoka. Alikuwa amenibeba miaka mingi kwenda Iringo, kwenye kibanda changu cha fotokopi na madaftari, na hakuelewa kwa nini siku ile nimevaa begi mgongoni, mume wangu naye kavaa la kwake, halafu tunatembea.

"Kwani mama mnaenda wapi?"

"Kibara."

"Kibara ya Bunda?"

"Unaijua nyingine?"

Akacheka, kisha akaona hatucheki. "Huko watu wanapandaga gari, mama," akasema kwa upole, akageuza pikipiki yake na kurudi mjini.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Mume wangu ni fundi wa mafriji mwenye kitambi, na mimi magoti yangu yananishinda hata kwenye ngazi za kanisa. Tulikuwa tumerudisha funguo za nyumba ya kupanga, vyombo tumevitanguliza kwa Fuso, na tungeweza kabisa kukaa mbele na dereva. Mimi ndiye niliyesema twende kwa miguu. Yeye alisema "sawa." Ni mtu wa sawa.

Miaka minne kabla ya hapo, barabara hiyohiyo ilimpitisha binti yetu wa miaka saba kwenda kuzikwa Kibara. Homa ilimwanza Jumatano, Ijumaa hakuwepo. Kwa kina mume wangu mtu huzikwa nyumbani, hata kama nyumbani huko alikuwa akienda Krismasi tu. Nilikuwemo ndani ya gari lile. Nilikuwa nimechomwa sindano ya kunituliza, nikalala toka Musoma mpaka mwisho wa safari. Mtoto alikuwa safarini, mama yake amelala. Kuhusu mazishi yenyewe nimebaki na kiti cha plastiki cha bluu na mikono yangu mapajani, mikavu. Sikumbuki kulia. Na tangu siku ile sijalia, si kwa hilo wala kwa lingine lolote.

Mama asiyelia msibani husemwa, na kusemwa huko hakuishi. Sasa nilikuwa naenda kuishi na wanawake walewale waliokuwepo, nichote nao maji, nianike nao dagaa. Nilitaka nifike kwao nikiwa nimelia. Hicho tu. Nilidhani nikiipita njia ile nikiwa macho, kilio kitanikuta mahali fulani. Mume wangu sikumweleza hayo. Nilimwambia nataka kuiona njia.

Nikaiona. Siku ya kwanza niliona mawe, mihogo, malori, mbuzi. Nilikuwa najikagua kila baada ya muda, kama unavyopapasa mfuko kuona simu bado ipo. Hakuna kitu. Mchana mume wangu akanisimamisha, akanionyesha soksi yangu imelowa damu. Lengelenge lilikuwa limepasuka na sikuwa na habari.

"Huumwi?"

"Siumwi."

Akapiga magoti pembeni ya lami akanifunga kitambaa, huku machozi yanamtoka. Yeye hulia. Hulia akisikiliza matangazo ya vifo redioni, ya watu asiowajua. Zamani nilimpenda kwa hilo. Siku hizi linanikera, nasema wazi.

Kinachoniuma ni kwamba, tofauti na mimi, yeye njia aliijua. Mbele kidogo ya pale akasema, "Hapa tulisimama, tairi ilipata pancha." Mbele tena akasema, "Hapa kaka aliomba maji kwa wale pale." Kila mara nilimwuliza, "Na mimi?" na kila mara alijibu, "Ulikuwa umelala."

Pale Makutano tuliiacha njia kuu, tukakata kushoto kwenda Butiama kulala kwa shangazi yangu. Hapo ndipo jambo la kijinga lilipotupata, ambalo lisingetokea pengine popote. Butiama watu wamezoea wageni wanaokuja kwa miguu toka mbali kuliona kaburi la kiongozi aliyezikwa pale. Ukitokea na begi mgongoni huku unachechemea, hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi alisimama tulipofika kwake.

"Karibuni. Mmetokea Mwanza?"

"Musoma," nikasema.

"Musoma tu?" Kidogo tulimwangusha. Lakini akajirekebisha, akatuchotea maji. "Si haba. Mnamuenzi, eeh?"

Mume wangu akapokea kikombe. "Ndiyo mama. Tunamuenzi."

"Hongereni sana. Vijana wa siku hizi hawanaga moyo huo."

Akatupa na ndizi, akakataa kulipwa. Mume wangu alisimama pale na kikombe mkononi, macho yamemjaa, anapewa hongera kwa ajili ya mtu mwingine. Nilipandwa na hasira ambayo sikuwa nayo tangu lini sijui. Tulipofika mbali nikamwambia amemdanganya mama wa watu, tena amekula ndizi zake.

"Sikudanganya," akasema. "Aliuliza kama namuenzi. Namuenzi."

Nikatembea mbele yake. Neno lile nilikuwa nimelisikia kwenye hotuba na kuliona kwenye mabango maisha yangu yote, na halikuwahi kunipitia akilini kwamba linaweza kuwa la mtoto wa darasa la kwanza.

Shangazi alitupikia, akatusema kwamba tunatembea kama watu wasio na ndugu, akatukanda miguu. Kesho yake hasira ilikuwa imekwisha, na kilichobaki kilikuwa kilekile cha Musoma. Njia ya kwenda Bunda nilitembea nikimfikiria binti yangu kwa makusudi, kama mtu anayesoma kwa ajili ya mtihani. Nilifikiria meno yake ya mbele yaliyong'oka. Nilifikiria alivyokuwa akisema "nishashibaga" sahani ikiwa bado imejaa. Nilifika Bunda na kumbukumbu zote na macho makavu. Stendi pale tulikunywa chai, wapiga debe wakatuvuta mikono kwa zamu, na nusura nipande gari lolote, la popote.

Toka Bunda kwenda Kibara nilianza kuogopa. Vijiji vilikuwa vinaisha na mimi bado. Siku ya mwisho nilimwambia mume wangu atangulie, nikaingia nyuma ya mikaratusi, nikakunja uso, nikatoa sauti ya kulia. Ng'ombe aliyekuwa akila majani karibu aliacha kutafuna akanitazama. Nikajipangusa uso usio na kitu, nikarudi barabarani. Ziwa lilikuwa limeshaonekana upande mmoja, na mume wangu alikuwa ananingoja bila kuuliza.

Tulifika jioni. Mama mkwe alituona toka mbali, akaja taratibu, akatupokea mabegi kama tumetoka sokoni. Akaniketisha jikoni, akaniletea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akanivua viatu yeye mwenyewe. Ni mwanamke mzito wa maneno, na kwa miaka minne nilikuwa nakisoma kile kimya chake kama hukumu. Nikaona bora niseme mimi kabla hajasema mwingine.

"Mama, siku ile sikulia. Najua mlinisema. Nimekuja hivyohivyo, sijalia mpaka leo."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Nani hakulia?"

"Mimi."

Akamwangalia mwanawe aliyekuwa mlangoni, kisha akanirudia. "Mwanangu, wewe ulilia mpaka sauti ikakatika. Uliposhuka tu kwenye gari. Wanawake wanne walikushika wakashindwa. Padri alifunga kitabu, akakaa chini akakusubiri. Mpaka leo wakikaa hapa wanakisemaga kilio chako. Wanasema hawajasikiaga kingine kama kile."

"Baadaye ndo ukanyamaza, ukakaa kwenye kiti," mume wangu akasema. "Nilijua unakumbuka."

Mama mkwe akaendelea kuniosha, safari hii kidole kimoja kimoja, na niliona anadhani amenipa kitu. Na kweli alikuwa amenipa: woga wote niliotoka nao Musoma ulikuwa hauna kazi tena. Hakuna mwanamke Kibara aliyekuwa na neno juu yangu. Nilimsikiliza akisimulia khanga iliyochanika, na mahali nilipojitupa, na jinsi nilivyomwita mtoto, kama ninayesimuliwa habari za jirani. Nilingoja nisikie hata kidogo. Kisha nikasikia kitu, nacho kilikuwa wivu. Nilimwonea wivu mwanamke yule kwelikweli, maana alimlilia mwanangu, na mimi sikuwepo.