Mchora kanga wa Lushoto na kalamu iliyogoma

Saa tatu asubuhi ukungu ungali umeukalia mji wa Lushoto, na Zipora Shemdoe amewasha taa mchana kweupe. Mezani kipo kibao cheusi cha kuchorea, kimeunganishwa na kompyuta kwa waya. Anashika kalamu yake, anaiteremsha taratibu juu ya kibao, kisha anatazama kioo. Hakuna kitu. Anarudia. Kioo cheupe pe!

“Kalamu ya wino ikigoma unaipulizia,” anasema. “Hii nimeipulizia mpaka kizunguzungu.”

Zipora, 58, ni mchora kanga. Kwa miaka kumi na minane alitunga pindo na mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, katika chumba cha wachoraji cha kiwanda kimoja cha nguo, Dar es Salaam. Kiwanda kilipopata mwekezaji, chumba kilifungwa. Wachoraji wakaagana getini, kila mtu akashika njia yake, naye akarudi kwao milimani.

“Tulikuwa tunachekana pale mpaka msimamizi anakuja kugonga mlango,” anakumbuka. “Ukikosea ua, mwenzio anakuuliza, hili ua au kabichi? Sasa nikikosea ni mimi na ukuta.”

Mumewe, Alphonce, alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wako Mwanza na Dodoma, na hupiga simu sikukuu. Nyumba ni safi kupita kiasi, safi ya nyumba isiyo na wa kuichafua. Makochi bado yamevaa nailoni ya dukani, na vikombe kabatini vina karatasi za bei.

Kibao hicho ameletewa na mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua michoro yake, shilingi elfu arobaini kwa mmoja. Kimekuja na sharti: michoro ya karatasi haitakiwi tena. Sampuli itumwe kwa intaneti kabla ya Ijumaa kwisha, la sivyo kazi itapewa mtu mwingine. Leo ni Alhamisi.

Amechomoa waya na kuuchomeka tena. Amezima kompyuta, akaiwasha. Taa ya kibao inawaka vizuri, ila kalamu ndiyo haisomeki. Jana alimpigia mwanawe Timotheo. “Mama, niko kwenye kikao, nitakupigia,” akajibiwa. Hajapiga bado.

Mchana anakata shauri na kumwita Darweshi, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa.”

Darweshi anakaa, nailoni inalia chini yake. Anakagua waya, anakagua kompyuta, anatikisa kichwa. Mwisho anaishika kalamu, anaigeuza, anaona kipande cha nailoni kimechungulia pale betri inapokaa.

“Mama, hii mbona hukuitoa?”

“Niitoe! Kitu kipya hicho, baba. Kitunze kidumu.”

Fundi anacheka mpaka anashika meza. Anamweleza kuwa kipande hicho kimewekwa kuzuia betri isiguse chuma chake, na huvutwa siku ya kwanza ya kutumia. Anakivuta. Anagusa kibao, na mstari mweusi unatokea kwenye kioo.

Zipora naye anacheka, machozi yanamtoka. Kisha kicheko kinakatika.

“Siku tatu nahangaika na hii kitu,” anasema polepole, “na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia, Zipora, toa nailoni.”

Anamsihi fundi abaki anywe chai. Darweshi anaomba radhi, ameacha wateja wakimsubiri. Mlango unafungwa, nyumba inarudi kimya, na upweke wa nyumba hiyo hata mgeni wa saa moja anausikia.

Lakini mkono haujasahau. Hadi jioni mji wa kanga umejaa matawi ya plamu, miti ya matunda ya milimani hapo, yaliyochanua, na majani ya chai yamezunguka pindo lote. Mstari mmoja umepinda kwa ugeni wa kalamu. Ameufuta, akauchora upya. Kesho asubuhi atateremka kwa Darweshi kuutuma mchoro.

Je, ukikubaliwa, fedha atafanyia nini?

“Fedha nitalipia umeme,” anasema bila kuwaza sana. “Ninachokitaka hasa ni siku moja niende sokoni, nimkute mama nisiyemjua kajifunga kanga hii. Sitamwambia kitu. Nitamfuata nyuma kidogo tu, nisikie anavyoongea na wenzake.”