Abiria wa Mkaguzi

Mkaguzi wa njia za waendao kwa miguu hupima kazi ya mafundi kwa kusukuma kiti cha magurudumu alichokipakia mfuko wa saruji na kuufunga mkanda. Penye mwinuko hupunguza mwendo na kuunong'oneza mfuko: "Tunapanda, mama."

Fundi aliyejenga njia mpya ya zahanati alicheka hadi akashika mbavu. "Mzee, huyo mama anaumwa nini?"

Mlangoni kiti kiligonga ngazi, mkanda ukakatika, mfuko ukaanguka kifudifudi. Mkaguzi akapiga magoti, akaupangusa vumbi kwa leso. "Pole, mama. Umeumia?"

Fundi akajikuta anasubiri jibu. Lilipochelewa, aibu ikamshika. Akachukua nyundo, akaanza kuivunja ile ngazi yake.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilidhani wagonjwa wote wanakuja kwa miguu."