Wape Nafasi Wafungashe

Juzi nilimkuta mwanangu akicheza vita kwenye simu, ramani imegawanywa vijumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Ghafla nikasikia harufu ya korosho zinazochomwa, kama alasiri ile ya utotoni kwetu Rasbura.

Mjomba alikuwa ameleta kompyuta yenye mchezo kama huo kutoka Dar. Nilikuwa nawasogeza askari wangu kijumba kwa kijumba, nimeukaribia mto, bibi alipoingia kutoka uani, kanga yake inanuka moshi.

"Hivi vya kijani ni nini?"

"Mashamba, bibi. Hayana watu."

"Shamba halina mtu? Sasa nani kalima?"

Nilicheka. Akaushika mkono wangu uliokuwa juu ya kipanya.

"Ngoja kidogo, mjukuu wangu. Wape nafasi wafungashe, ndipo uvuke."

Nilidhani hauelewi mchezo. Ili kumridhisha nikapitisha zamu bila kuvuka. Adui akanizunguka, nikashindwa, nikamnunia bibi mpaka magharibi.

Nilikuwa najua kwamba bibi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavuka kukimbia vita. Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama aliponiambia kwamba bibi alivuka na kanga moja, ile aliyokuwa amejifunga shambani.